Jua Likitoka Baada ya Dhoruba

Dhoruba iliyoanza katikati ya wiki imekatika usiku wa kuamkia leo. Nilipotoka zamu kwenye karakana ya mabasi hapa Salt Lake City, milima ya Wasatch ilikuwa imesimama upande wa mashariki nyeupe pe, bila wingu, na simu yangu imejaa ujumbe wa vijana wetu. "Mjomba, jua hilo! Tunapanda bonde la Cottonwood, unakuja?" Niliwajibu kwa ujumbe wa sauti, halafu nikaona heri niyaandike yote. Najua wenzetu wa Denver, Boise na Missoula nao asubuhi ya namna hii wanaulizana hivyohivyo, na wengi wao wamekulia Bukavu, Kigoma au Mombasa, ambako hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwafundisha habari za theluji.

Kupanda tutapanda. Ila kwa sababu ya maporomoko ya theluji, mteremko tutakaoukanyaga leo ni lazima tuuchague tukiwa bado mezani na chai, kabla macho hayajaanza kutamani.

Siku ninayoiogopa milimani si ile ya dhoruba yenyewe. Upepo ukivuma na huoni hatua kumi mbele, mtu anarudi nyumbani bila kushauriwa. Ninayoiogopa ni hii ya leo: anga safi, theluji mpya inafika magotini, barabara imefunguliwa, kila mtu ana furaha. Theluji yote iliyoanguka haijapata nafasi ya kushikamana na ile ya zamani iliyo chini yake. Mlima umetwishwa mzigo kwa siku chache, na theluji huvumilia mzigo unaokuja polepole kuliko unaokuja kwa mkupuo. Ikiongezeka sentimita 30 ndani ya saa 24, wanaoifanya kazi hii kila siku hukaa mbali na miinuko mikali, hata kama wanaifahamu tangu utoto.

Mimi nimekulia Marangu, chini ya Kilimanjaro. Kibo, kilele chake, tulikuwa tunaiona asubuhi kabla mawingu hayajapanda, na ujanani nilibeba mizigo ya wageni hadi Kibo Hut. Wazee wa kazi walituonya juu ya hewa nyembamba, baridi ya usiku, kichwa kinachouma na mgeni anayeanza kuyumba. Walikuwa sahihi, na maneno yao yaliokoa watu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mteremko unaweza kukatika ukiwa umesimama juu yake. Hilo nimelijua huku, nikiwa mtu mzima, kwa kusoma na kwa kufundishwa, na ndiyo maana nalisema kila msimu bila kuchoka.

Poromoko linaloua watu zaidi huku si theluji inayomwagika kutoka juu na kumkuta mtu chini kwa bahati mbaya. Ni bamba. Theluji mpya, hasa iliyopigwa na upepo, hushikamana yenyewe kwa yenyewe ikawa bamba pana, limelala juu ya tabaka dhaifu lisiloweza kulibeba. Mtu akikanyaga mahali panapofaa, au tuseme pasipofaa, tabaka lile la chini huvunjika, na mvunjiko hukimbia pembeni kwa kasi kuliko unavyoweza kugeuka. Bamba zima linaachana na mlima kwa mara moja, wewe ukiwa katikati yake. Baada ya sekunde chache liko kwenye kilomita 100 kwa saa au zaidi. Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila kijana wetu alikariri: katika ajali tisa kati ya kumi, aliyelianzisha poromoko ni yule yule liliyemkumba au mwenzake waliyefuatana. Maana yake si bahati mbaya tupu. Ni jambo ambalo kwa sehemu kubwa liko mikononi mwetu.

Tabaka dhaifu linatoka wapi? Hapa Utah, na zaidi Colorado, theluji ya kwanza huanguka Oktoba au Novemba, kisha hupita wiki za anga safi na usiku wa baridi kali. Ardhi chini ya theluji inabaki karibu na nyuzi sifuri, ilhali hewa juu yake inashuka hadi kumi au ishirini chini ya sifuri. Theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo ya joto inabanwa ndani ya sentimita chache tu, na mvuke unapanda kutoka chini kwenda juu usiku kucha. Ule mvuke unazila punje za theluji na kuziunda upya, kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Tofauti ya nyuzi moja kwa kila sentimita 10 inatosha kuianza kazi hiyo. Basi huko kwenye miteremko inayotazama kaskazini, ambako jua la Desemba halifiki, msingi wa msimu mzima unakuwa mbovu kabla dhoruba kubwa hazijafika.

Mkichimba shimo mtaliona wenyewe. Chukueni beleshi, mchimbe hadi ardhini mahali pasipo na hatari, mlainishe ukuta wa juu wa shimo uwe wima. Pitisheni kidole kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa kidole kinaingia bila kuhisi kitu; hiyo ni theluji ya jana. Kinashuka, kinakuta ugumu, mnalazimika kusukuma. Halafu karibu na majani makavu ya chini kidole kinazama ghafla, na punje zinaanza kumwagika zenyewe nje ya ukuta. Zitieni kiganjani kwenye glavu: ni sukari, sukari kabisa ile ya dukani, zinang'aa, na mkijaribu kuzifinyanga zinapita katikati ya vidole. Juu ya kitu hicho ndipo ulipolala mzigo wote wa dhoruba. Kijana mmoja wa kwetu alipozishika mara ya kwanza alinyamaza, akatazama juu kwenye mlima, akatazama tena kiganja chake. Tangu siku ile sikuhitaji kumshawishi kitu.

Kuna vipimo vya kufanya ndani ya shimo. Ninachokipenda ni kile cha nguzo pana: unakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuingia mlimani, unaweka beleshi kwenye kona moja, unapiga juu yake mara kumi kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono tu, kumi kwa kiwiko, kumi kwa mkono mzima kutoka begani. Ufa ukitokea na kukimbia nguzo nzima kwa pigo moja, umepewa jibu: rudi. Lakini sikilizeni vizuri. Ufa usipotokea, hujapewa ruhusa. Shimo moja linasema habari za mahali lilipochimbwa. Mita ishirini pembeni habari inaweza kuwa nyingine. Mimi shimo nalitumia kutafuta sababu ya kukataa, sijawahi kulitumia kutafuta sababu ya kwenda.

Upepo nao una kazi yake. Dhoruba inaweza kuleta nusu mita, mtu akasema nusu mita si kitu, kumbe upepo umezoa theluji ya upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa pili, mara nyingi zaidi ya ile iliyotoka angani. Upande uliokingwa na upepo ndio unaopokea. Utauona: uso umejaa, umeviringana, umelainika kwa namna ya kupendeza, na ukikanyaga pembezoni unasikia mlio wa ngoma tupu. Juu ya mgongo kuna ukingo wa theluji uliotokeza nje hewani. Usiusogelee ukidhani uko juu ya mwamba, kwani hukatikia nyuma zaidi ya unavyodhani.

Sasa nije kwenye lile ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni pembe ya mteremko. Mabamba karibu yote hukatika kwenye mwinuko wa kati ya nyuzi 30 na 45, na pembe inayoongoza ni kama 38. Chini ya nyuzi 30 ni nadra sana bamba kukatika. Juu ya 50 theluji huwa inamwagika yenyewe kidogo kidogo, haipati muda wa kujirundika. Kwa bahati mbaya ile kati ya 30 na 45 ndiyo hasa pembe ambayo mtu wa skii anaiona tamu. Lakini kwa mtu wa viatu vya theluji, au mwenye skii anayekubali kuteleza taratibu, dunia nzima iliyo chini ya nyuzi 30 iko wazi, na ni nzuri ajabu. Kuna misitu ya aspeni huku juu ambayo mtu anaweza kuizunguka kutwa nzima bila kukanyaga nyuzi 25.

Jicho peke yake halitoshi kupima. Watu wengi, na mimi nikiwamo, hukisia pungufu wakiwa na hamu na hukisia zaidi wakiwa na hofu. Laza fimbo yako ya kutembelea juu ya theluji kuelekea chini, weka simu juu ya fimbo, fungua programu ya kupima pembe, usome. Sekunde kumi. Nyumbani kabla ya kutoka fungua ramani yenye rangi za mwinuko, CalTopo kwa mfano, uone ni wapi pana njano na nyekundu na ni wapi hapana rangi. Ramani hizo husahau vibonde na vinundu vidogo vikali, kwa hiyo simu na fimbo bado vina kazi ukifika.

Halafu kuna kosa ambalo wenye tahadhari nusu hulifanya. Mtu anasema: mimi niko kwenye tambarare, nyuzi 10 tu. Sawa, lakini juu yako kuna nini? Tambarare iliyo chini ya mteremko wa nyuzi 38 ni mahali pa kupokelea. Na tabaka dhaifu likiwa bovu kweli, unaweza kulivunja ukiwa chini, mvunjiko ukapanda, bamba likakatika juu na kukushukia. Kwa hiyo maswali ni mawili kila unapobadilisha njia: hapa nilipo ni nyuzi ngapi, na hapa nilipo kumeungana na nini? Ongezeni na la tatu, likinichukua litanipeleka wapi? Poromoko dogo la kufika kiunoni linaweza kukubwaga kwenye korongo la kijito likakufukia mita mbili, au likakugonga kwenye miti. Karibu robo ya wanaokufa huku huuawa na kipigo cha miti na miamba kabla ya kukosa pumzi.

Utabiri wa hatari za maporomoko kwa mkoa wetu hutolewa na Utah Avalanche Center, kazi iliyoanza mwaka 1980, na hutoka kila asubuhi kunako saa moja na nusu. Mimi nausoma nikiwa sijavua buti za kazini. Viwango ni vitano: ndogo, wastani, kubwa kiasi, kubwa, na ya kupindukia; rangi zake kijani, njano, machungwa, nyekundu na nyeusi. Watu wengi hutazama namba tu na kuipita. Msifanye hivyo. Chini ya namba kuna duara lililogawanywa kwa pande nane za dira na kimo cha aina tatu, likionyesha hatari iko upande gani na juu kiasi gani. Leo hii unaweza kukuta upande wa kaskazini juu ya mita 2,700 ni nyekundu na upande wa kusini chini yake ni njano. Huo ndio mpango wako wa siku, umekwisha kuandikiwa na watu waliokuwa huko juu jana kwenye upepo.

Kiwango cha tatu, kile cha machungwa, kinastahili maneno yake. Kwa sababu kiko katikati, mtu anasikia kuwa ni nusu kwa nusu. Tafsiri yake rasmi ni kwamba poromoko la kujiangukia lawezekana, na la kuanzishwa na mtu linatarajiwa. Linatarajiwa! Ndicho kiwango kinachotuzikia watu wengi, maana cha nne huwatisha wakabaki nyumbani, cha tatu huwaacha waende.

Mkitaka kuelewa ninachokisema, someni habari ya Wilson Glade. Tarehe 6 Februari 2021, Jumamosi, huko juu kabisa ya bonde la Millcreek ambalo mdomo wake uko dakika chache kutoka tunakoishi, vikundi viwili visivyojuana vilikuwa kwenye mteremko mmoja wa msituni. Bamba lilikatika juu ya ile sukari ya chini niliyowaeleza. Watu wanane walikumbwa, wanne walipona, wanne wakafa. Hawakuwa watu wa kubahatisha; walikuwa wazoefu wenye vifaa, na walionusurika walihangaika kuwachimbua wenzao. Msimu ule wa 2020 hadi 2021 Marekani ilipoteza watu 37 kwa maporomoko. Kituo cha utabiri kilichapisha ripoti ya ajali ile kwa utulivu, bila kumlaumu marehemu, kwa picha na pembe na vipimo, ili walio hai wajifunze. Mimi huisoma kila mwaka theluji ya kwanza inapoanguka. Wale wanne walikuwa na watu wanaowangoja nyumbani jioni ile.

Uzoefu haumkingi mtu na matamanio. Mtafiti mmoja wa hapa Marekani, Ian McCammon, alipitia ajali zaidi ya 700 na akaona kwamba dalili za hatari mara nyingi zilikuwepo waziwazi na watu wakazipita. Waliupita mlima kwa sababu wameuzoea. Au kwa sababu walikwisha amua tangu nyumbani. Au kwa sababu wapo wengine pale wanatazama, au theluji safi inagombaniwa na wakichelewa itachorwa na wengine. Au kwa sababu yuko mmoja kwenye kundi anayeonekana anajua, na wote wakamwachia.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi kwa namna ya pekee, na nalisema kwa upendo. Tumelelewa kumheshimu mkubwa. Kijana wa miaka ishirini akiona ufa kwenye theluji, na mjomba wake ametangulia, atasita kusema. Ataona aibu kuonekana mwoga au mtovu wa adabu. Basi kwenye kundi ninalokwenda nalo nimeweka sharti, na nalitamka kwenye maegesho kabla ya kufunga viatu: yeyote akisema "turudi", tunarudi, haulizwi sababu mpaka tumefika kwenye gari. Awe mtoto, awe shemeji aliyekuja kututembelea na hajawahi kuona theluji. Shikamoo tutaamkiana kama kawaida; lakini mlimani neno la mdogo lina uzito sawa na langu. Kuna binti mmoja alilitumia sharti hilo kwenye mgongo wa mlima tukiwa tumebakiza kidogo sana. Tuligeuka wote. Garini akatueleza kwamba alisikia theluji ikiguna chini yake.

Na kuguna huko ndiko hasa kwa kusikilizwa. Theluji ikitoa mguno mzito chini ya miguu na uso ukashuka kidogo, tabaka dhaifu limevunjika pale pale. Ungekuwa kwenye mteremko mkali ungekuwa umekwenda. Ufa unaokimbia mbele ya skii yako ni habari ileile. Poromoko la leo au la jana kwenye mteremko unaofanana na wako, upande uleule, kimo kilekile, ndiyo dalili kubwa kupita zote. Joto la ghafla vilevile: leo mchana jua litakapopiga upande wa kusini, mtaona vibumba vya theluji vinaanza kubingirika vyenyewe chini ya miamba. Vikianza, ondokeni upande huo. Alama za skii za watu waliotangulia, kwa upande mwingine, si dalili ya usalama hata kidogo. Bamba linaweza kuwabeba watano na kumkatikia wa sita, kwa sababu yeye ndiye aliyepita pale lilipo jembamba.

Vifaa nitavitaja kwa ufupi, kwa kuwa huwa vinazungumzwa kuliko vinavyostahili. Kila mtu, si kila kundi, awe na bikoni, yaani kifaa kidogo cha kutuma na kupokea ishara ya redio, mwilini chini ya koti, fimbo ndefu ya kukunjwa ya kuchokolea theluji, na beleshi la chuma, lisiwe la plastiki. Bikoni za kampuni zote huongea kwa masafa ya kilohezi 457, kwa hiyo ya kwako itaisikia ya mwenzako. Simu ikae mbali nayo, sentimita 20 ukiwa unatembea, 50 ukiwa unatafuta, maana huichanganya. Tunavaa bikoni ili tukifukiwa tupatikane. Hakuna bikoni inayozuia bamba kukatika.

Lakini kuwa nayo bila kuizoeza ni bure. Aliyefukiwa na kutolewa ndani ya dakika kumi za mwanzo ana nafasi nzuri sana ya kuishi. Ikipita nusu saa, walio wengi wamekwisha fariki kwa kukosa pumzi. Helikopta haifiki kwa dakika kumi. Waokoaji ni wale mliokwenda nao, basi. Sisi tunafanyia mazoezi kwenye bustani ya Sugar House: ninaiwasha bikoni, naitia ndani ya kontena la chakula, nalifukia wakati wao wamegeuka, kisha mmoja anapewa kazi. Anakimbia akifuata mshale na namba za mita kwenye bikoni yake. Namba zikishuka chini ya kumi anapunguza mwendo. Chini ya tatu anapiga magoti, bikoni inagusa theluji, anaisogeza mbele na nyuma, kushoto na kulia bila kuizungusha, anatafuta namba ndogo kuliko zote. Hapo anachoma fimbo, kwa pembe mraba na uso wa mteremko, halafu anazunguka kwa hatua za sentimita 25 mpaka fimbo igote kwenye kitu chenye ulaini wake. Ikigota haing'olewi. Wachimbaji wanaanza upande wa chini wa mteremko, si juu ya kichwa cha mtu, na wanabadilishana kabla ya kuchoka. Kumfikia aliyelala mita moja chini ni kuhamisha tani ya theluji, na theluji iliyoporomoka ikisimama huwa ngumu kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi kusogeza hata kidole.

Mkitembea mahali ambapo hamuwezi kuikwepa hatari kabisa, mteremko mnaupita mmoja mmoja, wengine wakiwa wamesimama mahali palipokingwa na wanamtazama anayepita hadi afike. Hakuna kupumzika katikati, hakuna picha. Mikanda ya fimbo isiwe mikononi.

Kwa leo basi, mpango wangu ni huu. Bonde la Little Cottonwood siendi. Barabara ile ya 210 inapita chini ya njia nyingi mno za maporomoko. Kwa miongo mingi ililindwa kwa mizinga ya kijeshi, na siku za hatari kubwa kijijini Alta watu huamriwa kubaki ndani ya majengo, hata kutoka mlangoni ni marufuku. Msimu wa 2022 hadi 2023 Alta ilipokea theluji ya jumla ya inchi 903, karibu mita 23. Si mahali pa kujifunzia. Tutakwenda Brighton, mwisho wa bonde la Big Cottonwood, tuzunguke Silver Lake kwa viatu vya theluji tukibaki kwenye tambarare. Mwenye gari lisilo na matairi ya theluji asijaribu. Apande basi, au atembee ile barabara ya juu ya Millcreek, ambayo hufungwa kwa magari tangu tarehe 1 Novemba na leo itakuwa imejaa familia na mbwa. Kote huko utabiri wa asubuhi usomwe kwanza.

Anayetaka zaidi ya hapo, miteremko na vilele, ataipata kwa kusoma. Kuna mhadhara wa saa moja unaotolewa bure na Utah Avalanche Center, unaitwa Know Before You Go, wanaupeleka hata mashuleni na makanisani. Baada yake kuna kozi ya kwanza ya siku tatu, darasani na mlimani, ina gharama yake lakini ni ndogo kuliko bei ya skii. Nimezungumza na mchungaji wetu kuhusu mhadhara huo ufanyike ukumbini kwetu, na nimejitolea kukaa pembeni nikitafsiri kwa wazee na kwa wale ambao Kiingereza bado kinawapa shida. Tarehe ikithibitishwa nitaiweka hapa. Anayejua maduka ya kukodisha bikoni kwa bei nafuu aniandikie, nikusanye orodha kwa ajili ya familia zenye watoto wanaoanza skii mwaka huu.